Jicho Lililosuswa

Mdogo wangu alikuwa na makengeza tangu akiwa mchanga, na kwa muda mrefu hakuna mtu nyumbani aliyeyahesabu kuwa ni ugonjwa. Jicho lake la kushoto lilivutwa ndani, kuelekea puani, na tulilizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Watoto wa majirani walimwambia kwamba jicho moja linatazama Ngara na jingine Biharamulo. Yeye alikuwa kitinda mimba, na hakukubali kuonewa. Aliwajibu, "Nyinyi mnaona wilaya moja tu." Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi ndiye niliyeleta hofu ndani ya nyumba ile.

Nilirudi kijijini kwetu Nyarubungo vita vya Kagera vilipokuwa vimeanza, nikiwa na shahada ya ualimu na bila kituo cha kazi. Malori yote yaliyopita barabarani yalikuwa yakielekea kaskazini, yamejaa askari na mgambo, na barua ya kunipangia shule sikuitegemea tena. Baba alikuwa ameshaondoka na mgambo wa kijiji. Tulikuwa watatu katika nyumba ya mstari wa pili, mojawapo ya zile nyumba tulizojengewa wakati wa kuhamia vijijini: Mama, mdogo wangu wa miaka mitano, na mimi niliyebeba kichwani vitu ambavyo hakuna aliyeniomba nivibebe.

Mwaka wa mwisho chuoni nilisoma somo la makuzi ya mtoto. Nilijifunza kwamba mtoto mchanga huzaliwa na macho, lakini kuona ni kazi ambayo ubongo hujifunza polepole, kama mkono unavyojifunza kushika. Nilijifunza kwamba katika miezi ya mwanzo mtoto anaweza kutofautisha sauti za lugha yoyote duniani, kisha ubongo wake unachagua zile anazozisikia kila siku na kuziacha nyingine. Nilimfikiria Mama, aliyekulia Ngara, ambaye mpaka leo hasikii tofauti kati ya *kula* na *kura*. Nilikuwa nikimsahihisha nilipokuwa darasa la saba, nikidhani ni uvivu. Kumbe masikio yake yalikuwa yameshafunga mlango kabla hajaota meno.

Mwanafunzi mwingine angeandika hayo kwenye mtihani akasahau. Mimi tangu siku ile sikuweza kumtazama mtoto yeyote bila kujiuliza ni mlango gani unafungwa sasa hivi kichwani mwake, na nani amesimama karibu wa kuuzuia.

Kwa hiyo wiki ya kwanza tu nyumbani nilimwona mdogo wangu akinyoosha mkono kuchukua kikombe na kushika hewa. Mama alisema ana haraka. Nilimkalisha mlangoni kwenye mwanga, nikamfunika jicho la kushoto kwa kiganja changu. Hakujali. Aliendelea kuniambia habari za kuku. Kisha nikamfunika la kulia, lile zima, nikamwachia lenye makengeza peke yake. Alinyamaza. Halafu akaushika mkono wangu kwa nguvu, akauvuta.

"Dada," alisema, "umezima."

Sikulala vizuri tena baada ya neno lile.

Tulikwenda hospitali ya Biharamulo kwa kuomba lifti kwenye lori la pamba. Hospitali ilikuwa imejaa. Pale barazani palikuwa na familia zilizokuwa zimetoka kule ng'ambo ya mto Kagera, zimekaa juu ya mafurushi yao kama watu wanaongoja basi ambalo hawajui linakwenda wapi. Nilikaribia kugeuka. Niliona aibu kuleta makengeza mbele ya watu waliopoteza nyumba. Lakini mganga wa macho alikuwepo, mzee mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, na alimtazama mdogo wangu kwa tochi kwa muda mrefu.

"Jicho lenyewe halina ubovu," aliniambia. "Ubongo ndio umelisusa."

"Umelisusa?"

"Macho mawili yanaleta picha mbili zisizolingana. Mtoto hawezi kuishi hivyo, atagonga kila kitu. Basi ubongo wake umechagua jicho moja na kulisusa la pili. Tusipofanya kitu, halitaona kamwe. Litakuwa pambo."

Nilimuuliza tufanye nini, ingawa nilikuwa najua. Alisema tulifunike jicho zima, kila siku, saa nyingi kadiri mtoto atakavyovumilia, ili ubongo ukose pa kukimbilia. Na apewe kazi ndogondogo za kutazama kwa karibu.

"Mpaka lini, mzee?"

"Muda ni mfupi. Ubongo wa mtoto bado ni udongo mbichi. Ukiona meno ya mbele yameshabadilika, udongo unaanza kukauka."

Alitupa plasta kidogo akaomba radhi kwamba bandeji nyingi zinapelekwa mbele, vitani. Plasta ilipokwisha, nilichana kipande cha kaniki kuukuu, nikatengeneza kitambaa cha kufunga kisogoni. Mama alinitazama nikishona.

"Nimezaa na nimelea," alisema, "sijaona mtu anayefunga jicho zima akaliacha bovu. Ukiumia mguu wa kushoto, unafunga bandeji wa kulia?"

Nilimweleza yote: ubongo, udongo, mlango. Alisikiliza huku akimenya ndizi. Mwisho akasema, "Haya, mwalimu. Wewe ndiye uliyesoma." Alikubali upesi mno, na mimi, ninayeshuku kila kitu mpaka kivuli changu, siku hiyo sikushuku.

Kila asubuhi nilimfunga mdogo wangu kitambaa juu ya jicho la kulia, nikaenda kufundisha. Walimu wanaume wa shule ya kijiji walikuwa wamechukuliwa mgambo, na mwalimu mkuu aliponiona tu alinikabidhi darasa la tatu kabla sijamaliza kumwamkia. Mdogo wangu alikwenda shambani na Mama. Nilirudi mchana, nikawakuta wamefika, kitambaa kikiwa mahali pake. Niliendelea naye mpaka jioni. Nilimwonyesha punje ya mahindi au kijiwe kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha kwa karibu zaidi. Alibahatisha. Alisema punje ilipokuwa jiwe, na jiwe ilipokuwa punje. Na kila siku, kabla ya kumfunga, nilimwambia afungue kinywa, nikayagusa meno yake ya mbele moja moja kwa kidole.

"Unatafuta nini, Dada?"

"Hakuna."

"Mbona unatafuta?"

Wakati huohuo kitu kingine kilikuwa kikikua kichwani mwake bila mimi kukifundisha. Tulikuwa tumeambiwa tuchimbe mahandaki na tusiwashe moto giza likiingia, kwa hiyo tulikula jua likiwa bado lipo, na baada ya hapo hatukuwa na la kufanya isipokuwa kusikiliza. Watoto wa kijiji walijifunza kusikiliza kuliko sisi. Mdogo wangu aliweza kusema lori linapanda au linashuka, limebeba au ni tupu, kabla mimi sijasikia hata mvumo. Ndege alizisikia kabla ya mbwa. Shingo yake ilisimama, mdomo ukabaki wazi, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ndege," na nyumba nne zikatoka mbio kuingia shimoni kwa neno la mtoto wa miaka mitano. Kila mara ilipita juu sana, na hatukujua ni yetu au ya adui.

Watu walimsifu. Mimi nilizidi kuogopa. Kama ni kweli kwamba ubongo wa umri ule hujenga kile unachokitumia kila siku, basi wake ulikuwa ukijenga nini? Nilihofu kwamba atakua, vita vitakwisha, na bado shingo ile itasimama kila mvumo unaposikika, huku jicho likiwa limekufa. Nilihofu kwamba anajifunza vizuri kile kimoja tu ambacho nisingependa ajifunze.

Kisha jino lilianza kucheza. Lilikuwa la chini, la mbele. Aliliona yeye mwenyewe, akalisukuma kwa ulimi akicheka, na mimi nilitoka nje nikaegemea ukuta.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa ya kazi, mchana wa jua kali. Nilikuwa ubaoni nikiandika hesabu za kugawanya. Watoto wa darasa la tatu walisimama wote kwa pamoja, kama nyasi zinapopigwa na upepo, na ndipo nami niliposikia ndege. Safari hii haikuwa juu sana. Tuliwatoa watoto, tukawaingiza kwenye handaki la shule, na nilipomkabidhi mwalimu mkuu darasa langu nilikimbia kuelekea shambani kwetu. Ninajua nilipaswa kubaki. Miguu haikuniuliza.

Njiani niliwaza jambo moja tu. Nimemfunga jicho. Nimemfunga jicho linaloona, na nimemwachia lililozima, na sasa anakimbia kwenye matuta ya mihogo kama kipofu, kwa sababu ya kitabu nilichosoma. Nilimwona akianguka. Nilimwona Mama akirudi kumwokota. Nikifikiri sana huwa naona, na nikishaona sijui tena kilichotokea na ambacho hakijatokea.

Niliwakuta kwenye mtaro wa migomba, wamelala kifudifudi. Pamoja nao alikuwa jirani yetu, mama wa Kisukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wake. Nilijitupa kando yao. Mvumo ulikuwa ukipungua kuelekea Nyakanazi. Nilimgeuza mdogo wangu nimtazame kama ameumia.

Kitambaa kilikuwa juu ya jicho la kushoto.

Kilikuwa kimefungwa vizuri, kwa fundo la Mama, lile analofungia mtoto mgongoni. Chini ya kitambaa lilikuwa jicho lenye makengeza, limepumzishwa. Jicho zima lilinitazama, limejaa vumbi na machozi.

"Mama," nilisema. "Nani amehamisha hiki?"

Mama alizidi kujilaza udongoni. Alikuwa bado amefumba macho yake mwenyewe.

"Mama!"

"Punguza sauti, watakusikia."

"Nani atanisikia? Rubani?"

Yule jirani alijiinua kwa kiwiko. "Mayu," alimwambia Mama, kwa heshima wanayoitumia kwao kwa mama mtu mzima, "mwambie tu. Hata mimi nimechoka kuficha."

"Kumbe na wewe unajua!"

"Mwanangu, tunalima shamba moja. Sina makengeza."

Mdogo wangu alicheka, na kicheko chake pale mtaroni kilinitisha zaidi ya ndege. Mama alikaa, akajikung'uta udongo kifuani, akaniambia bila kunitazama.

"Ukiondoka tu namhamishia. Tukikaribia nyumbani namrudishia, ili usigombe."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mama, nilikueleza. Nilikueleza yote!"

"Ulinieleza, na nilisikia. Ubongo unasusa, ubongo unakauka. Sasa nikuulize mimi, mwalimu. Kutoka tulipokuwa tukilima mpaka mtaro huu kuna matuta mangapi? Umeyaruka mwenyewe. Nimfunge linaloona, halafu ndege ije, akimbie na lipi? Nimbebe? Nimlee mwaka mzima jicho lipone, halafu nimzike na macho mawili mazima?"

Dakika chache nyuma nilikuwa nimekimbia nikiwaza hayohayo, neno kwa neno. Kama ningemkuta jicho la kulia limefungwa, huenda ningelifungua mimi. Lakini hofu yangu ya pili nayo ilikuwa ya kweli, na sasa ilikuwa kubwa zaidi. Nusu ya kila siku, wakati wote nilipodhani jicho lile linafanyishwa kazi, lilikuwa gizani. Tulikuwa tumeufundisha ubongo wake kususa zaidi. Na jino linacheza.

Nililia. Sikukusudia. Mama alinitazama kwa mara ya kwanza, na nadhani hapo ndipo alipoamini kwamba sikuwa nikijionyesha kwa kisomo.

"Ni kweli litakufa?" aliuliza polepole.

"Ni kweli."

"Kabisa?"

"Litabaki pambo, Mama. Mganga alisema hivyo."

Alimpangusa mtoto vumbi usoni. Migomba ilikuwa imetulia, na mvumo haukusikika tena. Kisha akasema kwamba hatamfunga mtoto shambani, nisimwombe hilo. Ila nyumbani, mtoto akiwa amekaa, na handaki likiwa karibu kiasi cha kumtupa ndani, hilo atalifanya. "Na nitamfunga mimi na yeye pamoja," alisema. Sikumwelewa mpaka kesho yake.

Kesho yake aliacha shamba mapema. Alimkalisha mdogo wangu mlangoni, ukingoni mwa handaki, akamfunga kitambaa jicho la kulia, safari hii kwa fundo lake mwenyewe. Kisha akachukua khanga, ncha moja akaifunga kiunoni mwa mtoto na nyingine kiunoni mwake. Kwa namna hiyo aliweza kuendelea na kazi zake za uani, na ikibidi kukimbia, angemvuta. Walionekana kama mbuzi na mwenye mbuzi. Majirani walipita wakacheka. Mama aliwaambia, "Chekeni. Huyu simpotezi, na jicho silipotezi."

Kazi aliyompa ilikuwa kuchambua maharage. Ndiyo kazi ndogondogo tuliyokuwa nayo, na maharage ya mwaka ule, yaliyopurwa juu ya ardhi tupu, yalikuwa na vijiwe vingi. Alimwekea ungo magotini, akamwambia aondoe mawe yote. Siku za kwanza mtoto alilia. Aliinamisha uso mpaka pua ikagusa maharage, akapapasa. Alitupa maharage, akabakiza mawe. Mama alipotaka kumsaidia nilimzuia, na jioni tulikula matokeo.

Sijui kama nitaweza kueleza vizuri hofu ya kula chakula kile. Tulikaa watatu, jua likishuka, sahani ya ndizi na maharage katikati. Nilitafuna taratibu nikingoja. Jiwe lilipogonga jino nilijua ni jicho. Jiwe la pili, jicho. Niliyatema kiganjani bila kusema kitu, Mama naye akayatema yake, na mdogo wangu akatutazama mmoja baada ya mwingine, akisoma nyuso zetu. Jirani yetu tulimkaribisha mara moja. Alitafuna, akasimama, akasema, "Asanteni sana, mimi nitakuja vita vikiisha." Hata mimi nilicheka, lakini kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili jino liliniuma.

Kisha mawe yakaanza kupungua. Nimeshasema kwamba tulikula mapema; nilianza kuingoja saa ile tangu asubuhi. Zilipita jioni za jiwe moja moja. Halafu ikaja jioni ambayo nilimaliza sahani nzima na kinywa changu hakikugonga kitu. Ya kufuata ikawa hivyo. Mama aliomba tusali kushukuru. Mdogo wangu, ambaye jino lake lilikuwa limeshatoka na alikuwa akiongea kwa kupuliza, alijisifu mpaka kwa kuku.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilimtazama Mama.

Alikuwa ameshanificha jambo mara moja, kila siku, bila uso kubadilika. Alikuwa anampenda mtoto, na mimi alikuwa ameshaniona nikilia. Ni nini kingemzuia kuchambua maharage upya nikiwa shuleni, ili nipate amani? Nilijiambia ninamtukana mama yangu moyoni. Kisha nikajiambia kwamba nikinyamaza kwa adabu, na jicho likawa halioni, adabu hiyo nitaikumbuka kila nitakapomwona mdogo wangu akishika hewa badala ya kikombe. Nilizunguka na mawazo hayo kama punda anayezungusha kinu.

Siku moja hapakuwa na shule. Mama aliifungua khanga kiunoni mwake, akanifunga mimi badala yake, akaenda kuokota kuni. Mdogo wangu alikuwa na ungo magotini, kitambaa kipo jicho la kulia. Nilikikagua kwa kidole, hapakuwa na mwanya. Nilikuwa nimeokota vijiwe mapema, vyekundu kama maharage yenyewe, vidogo, nikavificha kiganjani. Kuku alisogea. Mtoto alipogeuka kumfukuza, nilipitisha mkono juu ya ungo na kuviachia.

Akarudi kwenye kazi. Aliokota jiwe moja, akalitupa. Akaokota harage, akalisogeza, akalirudisha. Akaokota jiwe la pili. Vidole vilipita juu ya la tatu, vikaliacha. Kisha vikarudi, vikalichukua.

"Dada," alisema bila kuinua kichwa, "mbona unarudisha mawe? Nitachelewa kucheza."

"Mawe gani?"

"Ya mkononi mwako. Nimekuona."

"Umeniona na nini?"

Hapo aliinua uso. Jicho la kushoto, likiwa peke yake, halikuwa limekimbilia puani. Lilikuwa limenyooka katikati, jeusi, linatetemeka kidogo kama mtu aliyesimama kwa mara ya kwanza baada ya homa, na lilikuwa linanitazama mimi. Nilijua kwamba nikikiondoa kitambaa litarudi upande. Nilijua kwamba kuna meno mengine yatatoka, na kwamba mganga hakuniahidi kitu. Nilikuwa nikianza kuyapanga hayo yote kichwani, moja baada ya jingine, mvumo uliposikika kutoka upande wa barabara, nikajikuta nimeshasimama, khanga imekaza kiunoni, mkono nimeunyoosha kumnyakua.

Yeye hakusogea. Shingo yake ilisimama kwa kitambo, ikalegea.

"Lori," alisema. "Tupu. Kaa, Dada, unanizibia mwanga."